Tumbo la Kiboko

Maji ya kwanza Mshonaji aliyaona kwenye kiatu chake cha kushoto. Akadhani ni rasharasha za wimbi, maana Kiboko alikuwa ameingia ziwani kwa kishindo kama mlevi anayeingia kitandani, na kila kitu kilikuwa kimelowa kidogo. Akainua mguu, akaukung'uta, akaendelea kutabasamu. Dakika tatu baadaye kiatu cha kulia nacho kikajaa. Safari hii maji hayakutoka juu. Yalikuwa yanapanda kutoka chini ya mbao za sakafu.

"Baba," alimwita mumewe, "huku chini kuna maji."

"Kidogo ni kawaida," alijibu Fundi Bodi bila kugeuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kifua mbele, kofia ya kijeshi kichwani. "Pampu itayatoa."

Kiboko lilikuwa jina la utani walilompa lori kuukuu la jeshi, la aina ile inayotembea nchi kavu na kuvuka maji. Lilikuwa na magurudumu sita, tumbo la bati lililochongoka mbele kama mtumbwi, na pangaboi nyuma ya kulisukuma majini. Walilikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, mti umeota katikati yake, wakalivuta mpaka kwenye karakana ya mabati nyuma ya jiko lao. Lilikaa humo miaka sita. Mume, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, alifanya kazi ya bati na injini. Mke, fundi cherehani, alishona viti na turubai la juu, kila mshono mara mbili.

Majirani walikuwa wakichungulia ukutani na kuuliza, "Jamani, Kiboko ataogelea lini?" Fundi Bodi alikuwa anajibu kwamba siku hiyo wataomba lifti na hatawapa. Siku ilipofika, hakumwita hata mmoja. Aliondoka na mkewe tu, wakapanda mlima hadi ziwani, wakapanga kuzunguka kisiwa cha mawe kisha warudi kabla ya chakula cha mchana. Mshonaji alitaka kubeba maboya, kwa sababu hakujua kuogelea hata kwenye beseni. Mumewe akanuna. "Kubeba boya ndani ya kazi yangu ni kunitukana, mama." Basi akayaacha.

Walikuwa wamekipita kisiwa pampu ilipoanza kukohoa. Bomba la ubavuni, lililokuwa likitema maji kwa nguvu, likatema kidogo, likatema mate, likakauka. Fundi Bodi alifunga usukani kwa kamba, akapiga magoti, akang'oa ubao mmoja wa sakafu. Chujio la pampu lilikuwa limeziba kwa vipande vya kijivu, vidogo na vikubwa, vikielea kama makombo ya mkate.

Mshonaji aliokota kimoja kikubwa. Upande mmoja kilikuwa na rangi ya kijani ya Kiboko. Upande wa pili kilikuwa na alama ya dole gumba lenye kovu la kukata kati. Dole hilo lilikuwa likishika kikombe mbele yake kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja.

Hakuelewa mara moja, kisha akaelewa kwa mkupuo.

"Hii ni puti," alisema.

Mke wa fundi bodi anaijua puti. Ni ule uji mzito unaopakwa pale bati lilipobonyea, ukikauka unapigwa msasa, unapakwa rangi, na mwenye gari anaondoka akiimba. Inaficha. Haijawahi kuziba maji tangu dunia iumbwe.

"Uliniambia umechomelea."

"Nilichomelea."

"Baba."

"Sehemu kubwa nilichomelea," alisema Fundi Bodi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Kabla hajamjibu, maji yaliufikia mkanda wa injini, nao ukayarusha kila upande. Injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima. Kimya kilichofuata kilimtisha Mshonaji kuliko maji yenyewe. Upepo ulikuwa unatoka ufukoni walikotoka, na sasa kwa kuwa hakuna kilichoupinga, ulianza kuwasukuma kuelekea katikati ya ziwa. Ng'ambo ilionekana kama mstari mwembamba wa penseli. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, na hapakuwa na chombo kingine popote. Simu zote mbili zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa sakafuni ukielea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa kitu gani, na Mshonaji alitamani wangefafanua.

"Matundu mangapi?" aliuliza.

"Mawili. Moja chini ya ekseli ya mbele, moja hapa."

Mshonaji hakupoteza muda kulia. Alichomoa mkasi na sindano ya viti kutoka kwenye kisanduku chake cha kushonea, akapanda kwenye fremu, akakata kipande cha turubai la mbele. Aliukunja ukanda wa turubai kwa kuuviringisha, mwembamba mwanzo, mnene mwisho, akaushona usifumuke. Kilitoka kizibo kigumu chenye umbo la karoti. Akatengeneza cha pili. Fundi Bodi alichukua nyundo, akavuta pumzi, akaingiza kichwa na mabega chini ya sakafu, ndani ya maji meusi ya mafuta. Mkewe alimshika vifundo vya miguu. Alisikia nyundo ikigonga polepole chini ya nyayo zake. Mumewe akaibuka, akatema, akaenda kwa la pili.

Kisha wakateka. Yeye kwa kofia ya kijeshi, mumewe kwa dumu walilolikata juu. Mia moja, mia mbili. Mgongo ulimuuma mpaka akahisi unakatika, na aliweka jicho kwenye msumari mmoja ubavuni ili aone maji yakishuka. Hayakushuka. Yalipofika nusu ya msumari aliacha kuteka.

"Mawili?"

Fundi Bodi hakumtazama. "Na mengine matano upande wa kulia. Madogo."

"Madogo!"

"Saba jumla. Wallahi."

Akashona vitano. Ncha za vidole zilianza kuvuja damu, kwa kuwa turubai lililolowa linakataa sindano. Kwenye la sita Fundi Bodi alichelewa kuibuka. Miguu yake ikapiga teke mara moja, mara mbili, kisha ikatulia. Mshonaji alivuta kwa nguvu zake zote, akaanguka chali, akavuta tena, shati likachanika mahali fulani chini na mume akatoka, uso umekuwa wa kijivu, kiganja cha kushoto kimepasuliwa na kutu toka kidole cha mwisho hadi kwenye kifundo cha mkono. Damu iliteremka kwenye kiwiko.

"Funga mkono huo."

"La saba bado."

"Nimesema lete mkono."

Alimfunga kwa utepe wa turubai, akakaza mpaka akaguna. La saba likapigwa. Wakateka tena. Kiu haikuwa shida yao, maana maji yalikuwa yamewafika magotini, ingawa yalinuka dizeli. Shida ilikuwa ule msumari. Ulizama wote. Ufuko walikotoka ulikuwa umefutika, na mawimbi ya katikati, marefu na ya kijani, yalianza kumlaza Kiboko upande upande kama ng'ombe mgonjwa.

Hapo Mshonaji alifanya jambo ambalo mumewe alilikumbuka mpaka alipozeeka kabisa. Aliweka kofia chini. Akaketi kwenye kiti alichokishona mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, akakunja mikono.

"Unafanya nini? Teka!"

"Sishoni tena na siteki tena mpaka niambiwe idadi."

"Tutazama, mama!"

"Tutazama. Lakini mimi sizami huku nikipunjwa hesabu. Mawili, kisha saba. Nikishona vingine vitano utaniambia bado sita. Kitambaa ni hiki, uzi ni huu, na nguvu zangu zimebaki hizi. Niambie yako mangapi, nijue nakata vipi."

Hakuwa jasiri, alikuwa amepigwa na butwaa kiasi kwamba hofu haikupata pa kukaa. Alikuwa anamkumbuka mumewe akipiga msasa karakanani, yeye akimletea chai, akipitisha kiganja kwenye tumbo la Kiboko na kusema, "Laini kama sahani, baba." Naye akacheka. Alikunywa chai na kucheka!

Fundi Bodi alisimama na dumu lake mkononi. Mtu anaweza kuvuka moto na akashindwa kuvuka aibu, na mwanamume huyu alikuwa tayari kufa maji kuliko kutaja tarakimu. Wimbi likapiga ubavu, likamrukia Mshonaji kifuani. Hakuinuka.

"Kumi na tisa," alisema mumewe.

Mshonaji aliinua macho kwenye turubai lililobaki.

"Kumi na tisa. Macho yangu, mama. Ya mbali naona. Ya karibu yamekwisha, mwaka wa tatu huu. Nikiwasha moto wa kuchomelea sioni ncha yake inagusa wapi. Nilijaribu. Nilitoboa zaidi ya nilivyoziba. Watu wakawa wanachungulia ukutani, nawe ukawa umemaliza viti, nikasema..." Akalia waziwazi, kama mtoto. "Nikasema nani atatazama chini?"

Miaka mitatu! Mshonaji alikuwa akimtungia mumewe sindano uzi kila alipotaka kushikiza kifungo, akimtania kwamba amezeeka, na mumewe alikuwa akimwachia utani huo. Ilimuuma kuliko puti.

"Kumi na mawili yaliyobaki," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Yako wapi?"

Akayataja. Hakusitasita hata moja. Manne chini ya injini, kwa mstari. Matatu kwenye ubavu wa kushoto, nyuma ya tairi la kati. Mawili chini ya kiti chake hasa alichokalia. Matatu kwenye bomba la pangaboi. Aliyajua kama mtu anavyoyajua madhambi yake, na mficha maradhi, kama ijulikanavyo, kifo humuumbua. Safari hii ukweli ulikiwahi kifo kwa dakika chache.

Mshonaji alishusha turubai lote, akaligawa mara kumi na mbili kwa jicho, akakata. Akashona kwa mishono mirefu, mibaya, ambayo angemtimua mwanafunzi kwa kuishona. Mumewe alishuka kwa mkono mmoja mzima. Chini kule macho hayakuhitajika. Vidole vyake vilipapasa bati, vikatambua ulaini wa puti yake mwenyewe, vikaichokonoa, vikasukuma kizibo, nyundo ikafuata. Kila alipoibuka alitaja namba na mkewe akaijibu.

"Kumi na tatu."

"Kumi na tatu. Pumua kwanza."

"Kumi na nne."

Kwenye la kumi na nane alitapika maji na mafuta, akarudi. La kumi na tisa lilipopigwa, saa ya mkononi ya Mshonaji ilionyesha saa saba na nusu. Walichukua kofia na dumu, wakateka bila kuongea. Mia tatu. Mia tano. Jua liliwachoma shingo mpaka ngozi ikaota malengelenge. Kisha Mshonaji akaona kichwa cha msumari kikichomoza, chenye kutu, kinang'aa. Akakigusa kwa kidole ahakikishe.

Upepo ulifanya kazi iliyobaki. Alasiri, magurudumu ya mbele yaligusa tope kwa mtikisiko uliowaangusha wote wawili, katikati ya mafunjo ya ng'ambo. Walibaki wameshikana pale sakafuni kwa muda, wakihema.

Mlinzi wa mtambo wa maji wa ng'ambo ndiye aliyewaona. Alikuja na trekta na watu watatu waliokuwa wakikata nyasi. Walimvuta Kiboko mpaka nchi kavu, maji yakimtoka kila upenyo, wakamzunguka wakishangaa.

"Kudadeki! Limevuka ziwa zima?" alisema mlinzi. "Fundi gani ametengeneza chombo hiki?"

Mshonaji alimtazama mumewe.

"Mimi," alisema Fundi Bodi. "Na usilisifu. Chini lina matundu kumi na tisa niliyoyapaka puti. Aliyetuvusha ni huyu."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Hakucheka. Walipoona hacheki, nao wakaacha.

Jioni haijaingia bado, injini ilikuwa imekauka. Mlinzi alifuta plagi, Fundi Bodi akabonyeza swichi, na Kiboko, kwa ukaidi wake wote, akawaka. Ziwa lile limekaa juu mlimani; kutoka pale hadi barabara kuu kwenye mabasi ni kilomita saba za mteremko mtupu. Mshonaji alipanda akaketi, amechoka hata kukasirika. Mumewe aliweka mkono kwenye gia. Mkono ukabaki pale.

Akazima injini.

"Mama, shuka."

"Kuna nini?"

"Breki za nyuma zilikuwa zinavuja. Nilifunga bomba lake. Zinashika za mbele peke yake, na si sana. Asubuhi tulikuwa tunapanda tu, hazikuhitajika."

Mshonaji alikaa akitazama barabara inavyoteremka na kupotea kwenye kona ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza, alifikiri. Safari hii hakuna aliyemuuliza.

Alishuka. Akavua viatu, akayamwaga maji, akavivaa tena. Wakamkabidhi mlinzi ufunguo, wakaanza kutembea, yeye kulia, mumewe kushoto na mkono wake uliofungwa turubai kifuani.

"Kingine?" aliuliza walipopita kona.

Fundi Bodi alifikiri. "Honi," alisema. "Honi si yake. Ni ya pikipiki."

"Kingine?"

Akavuta pumzi, akaanzia bampa ya mbele. Njia ilikuwa kilomita saba, na orodha ikawatosha.