Nyota Iliyosuguliwa

Ukumbi wa maonyesho wa Rockville, Marekani, ulikuwa umejaa wazee wenye kofia za ngozi, wakizunguka meza za beji za zamani za polisi. Katikati yao Bilha alisukuma kiti cha magurudumu cha Mzee Peterson, polisi mstaafu ambaye Bilha aliajiriwa kumtunza. Gurudumu likakanyaga mguu wa mtu.

"Yesu wangu, samahani," likamtoka kwa Kiswahili.

"Hujaniumiza, dada," mtu yule akajibu kwa Kiswahili cha darasani, kila silabi imepigwa pasi.

Aliitwa Kamari, Mmarekani mweusi, mwalimu wa historia huko Upper Marlboro, shati lake la kitani rangi ya haradali. Mezani pake palikuwa na beji moja tu, iliyoingia weusi wa miaka: nyota ndani ya duara, iliyokatwa katika sarafu ya fedha ya Meksiko. Akaigeuza. Mgongoni, picha ya tai na mwaka wa sarafu vilikuwa vinaonekana bado. Babu wa babu yake aliivaa akiwa naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, huko Texas, naibu mweusi pekee katika kaunti yake. Picha yake haikubaki hata moja. Ilibaki beji.

Wakapeana namba, na miezi mitano ikapita, mingi kwenye simu. Kamari alimwita "mpenzi wangu" kama anayesoma ubaoni. Bilha alimcheka na kumwita profesa. Mwezi Machi Kamari akasafiri wiki nzima huku mafundi wakibadilisha paa la nyumba yake, kwa hiyo akampelekea Bilha beji nyumbani kwake Langley Park.

"Nitunzie," akamwambia.

Kwa mama yake Bilha, kule Vihiga, Kenya, kitu ulichopewa ukitunze hurudi kwa mwenyewe kikiwa safi kuliko kilivyokuja. Jumamosi nzima Bilha alisugua kwa dawa ya meno na magadi soda, mpaka weusi wote ukatoka na nyota ikametameta kama kijiko kipya.

Kamari aliporudi na kufungua kitambaa kilichofungiwa beji, akauliza ni nani aliyemtuma kuisugua. Weusi ule, alisema, ulikuwa jasho na moshi na alama ya kidole cha babu yule. Beji ya namna hii haisuguliwi, kila mkusanyaji anajua. Bilha akaanza kueleza. Kamari akamkatiza.

"Ndivyo ulivyozoea, sivyo? Kusugua. Vyoo, wazee, chochote kilicho mbele yako."

Jikoni, Wamaitha aliyeishi na Bilha alifunga bomba asikie vizuri. Bilha alifungua mlango.

"Toka," akasema, bila kupaza sauti.

Wamaitha akamshauri amblock Kamari kwenye simu. Hakumblock, alitaka aone jina lile likiita na asilipokee. Mara ya kumi na mbili akapokea.

"Pole sana, mpenzi wangu," Kamari akasema.

"Pole ya nini? Nimefiwa?"

"Pole kwa yaliyotokea."

"Mvua ndiyo hutokea, Kamari. Haya uliyasema wewe, kwa mdomo wako. Mimi niliharibu kitu chako, na kwa hilo naomba radhi. Wewe unanipa pole kama jirani aliyepitia msibani."

Kamari akasema kitabu chake cha Kiswahili kilifundisha hivyo. Bilha akamwambia akichome, akakata simu.

Jumatatu asubuhi Bilha alikuwa kituo cha basi, amevaa sare ya kazi, vumbi la ujenzi wa reli likimwingia machoni. Kamari akaja kwa miguu, akasimama mbele yake na mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja basi.

"Bilha, nimekukosea. Nilikudharau, nikaidharau na kazi yako. Nisamehe."

Mama mmoja Mkongo aliyebeba mfuko wa mihogo akageuka kumtazama.

"Nani amekufundisha?" Bilha akauliza.

"Mzee wa Tanzania, shuleni kwetu. Aliniuliza kwanza nimefanya nini. Nilipomwambia, akanifokea."

"Vizuri. Bado nina hasira."

"Najua."

"Nitakuwa nayo mpaka Rockville. Labda mpaka Juni."

"Naweza kupanda?"

Basi likafungua mlango. Bilha akapanda, akaketi dirishani, akaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni. Kamari akamfuata, akasimama kwenye ujia ameshika nguzo, abiria wakimsukuma kila upande. Kituo cha kwanza kikapita, na cha pili. Kwenye cha tatu, akiendelea kutazama nje, Bilha aliuchukua mkoba akaupakata.

"Keti," akasema. "Na usiongee."