Vibandiko vya Mwosha Maiti

Dada yangu ana mkono wa birika. Kifuko kimoja cha majani ya chai hunywesha nyumba nzima, na ukimcheka anakununia mpaka jioni.

Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo, chumba chenye kiti kimoja na mashine ndogo ya umeme. Waliojitolea waliingia mmoja mmoja. Aliwabandika vibandiko vyenye jeli kwenye vidole vitano vya mkono wa kulia, akawapitishia umeme kidogo, kisha akawauliza wanahisi nini. Huyu husema mchanga, yule husema brashi, na kumbe hakuna kilichowagusa. Kila mtu alitakiwa kupewa vibandiko vipya. Dada, akiona bado vinanata, alivifuta kwa pamba na kumbandika anayefuata.

Jumatatu asubuhi alikuja mwosha maiti, mzee mpole mwenye viganja vilivyochujuka kwa dawa. Umeme ulipandishwa mpaka mwisho, hakuhisi kitu.

"Mikono hii imezoea mengine, mwanangu," alisema, akaaga.

Aliyemfuata alikuwa mwanafunzi. Mashine ilipowashwa tu, uso ukamsawijika.

"Nyama," alinong'ona. "Ya baridi. Inateleza."

Akakimbilia sinki, akatapika. Dada akacheka, eti vijana wa siku hizi roho nyepesi, akajibandika vibandiko vilevile ahakikishe. Alipovibandua jeli ilivutika kama kamasi, ya manjano, inanuka.

Toka hapo, kila alichogusa kwa mkono ule kilikuwa nyama iliyoanza kuoza. Mkate. Mswaki. Nywele zake mwenyewe. Alijisugua kwa dawa ya choo mpaka akachubuka, na kinyaa hakikumtoka.

Tatizo lilikuwa mtoto wake. Alikuwa na miezi minne, na chupa aliitema.

"Siwezi kumpakata, mdogo wangu," dada alininong'oneza. "Nikimgusa, namgusa maiti."

Siku ya tatu bila kunyonya, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Nilichemka. Mchana ule nilimwekea dada mwanawe kifuani, nikaukamata mkono wake wa kulia, nikaukandamiza kwenye mgongo wa mtoto.

"Mshike! Atakufa!"

Alifumba macho. Aliuvuta mkono, sikuuachia.

Kisha akaacha kuuvuta.

"Ana joto," alisema, machozi yakimtiririka. "Ana joto, mdogo wangu!"

Mtoto akanyonya. Nami nikalia kwa furaha, nikajiona shujaa. Nilipomgeuza nimcheulishe, nikaona alama za vidole vitano mgongoni, za kijivu, zenye unyevu. Niliinama nizinuse. Nilitapika palepale sakafuni.

Sasa ana miaka minne, mtundu, anakula vizuri, na madaktari hawaoni ugonjwa. Alama hazijafutika, wala hazipati joto, hata akiwa na homa. Mimi ndiye ninayemwogesha, maana mimi ndiye niliyeulazimisha mkono ule. Akilala mchana bila shati, nzi huja. Hawamgusi usoni wala mdomoni penye uji. Hutua mgongoni, juu ya vidole vile vitano, na kila nikiwafukuza naona wameacha mayai.