Gari la Barabara ya Nhica

Hebu niambie wewe unayesoma: kwenu gari likilala, pua yake huangalia wapi?

Kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, huangalia barabara. Ukipita mtaani utaona magari yote yamegeuzwa, hakuna lililoingia uani kwa pua. Si amri ya serikali. Tulianza wenyewe mwaka ule tuliokimbia vita. Tulirudi, na mpaka leo hatujaacha. Tangi nalo hujazwa, hata kama kesho huna safari. Na nyuma ya mlango pana mfuko. Wetu una nguo mbili mbili, vyeti, sufuria moja ndogo, kipande cha sabuni, na kitabu changu cha Yasini, kimefungwa kwenye nailoni.

Mwanangu Nurdine ni dereva. Kila asubuhi huwapeleka walimu wanne katika kijiji cha Nhica, upande wa mto Ruvuma. Mchana huwarudisha Palma, maana kule hawajapata nyumba za kulala. Gari lisipofika, watoto wa Nhica hukaa darasani peke yao, halafu huenda zao shambani.

Mwezi wa pili, katikati ya mvua, injini ya gari lake la petroli ikafa. Fundi aliifungua, akaifunga, akafuta mikono.

"Hii imekwisha, kaka," alisema.

Wiki ya kwanza walimu walipanda pikipiki. Mmoja alianguka, akavunjika mkono. Wiki ya pili hawakwenda. Kisha mkuu wa shule akaleta ujumbe: atamsubiri Nurdine mpaka Jumatatu. Baada ya hapo atatafuta dereva mwingine.

Zainabo, mke wa Nurdine, alipika mihogo, tukaila mikavu. Mvua ilipiga bati siku nzima.

Petroli siku hizi leo ipo, kesho haipo. Basi Nurdine akasema atanunua gari la umeme. Tukauza shamba la minazi aliloliacha baba yake. Hatukuwa na kingine cha kuuza. Gari likiwa baya, hakuna la pili.

Ijumaa, baada ya sala, dalali mmoja aitwaye Sufo alituletea magari mawili kutoka Pemba, ule mji wa huku kwetu Msumbiji. Yote ni ya umeme, yale ya paa la juu, yenye mlango mpana nyuma. La kwanza lilikuwa la kijivu, refu, linang'aa, na kioo ndani kama televisheni. La pili lilikuwa jeupe, fupi, la viti vitano, mlango umekwaruzwa. Lilisimama kwenye matope kama kuku aliyenyeshewa.

"Patrão, tajiri wangu, hili la kijivu ni nyumba, siyo gari," alisema Sufo. "Viti saba! Karatasi yake inasema ukilijaza umeme linakwenda kilomita mia nne na hamsini. Hilo jeupe ni mia tatu tu. Hilo nimelileta lisindikize mwenzake."

Nurdine alipanda, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Alikaa pale muda mrefu, mkono juu ya kitambaa cha kiti.

"Hili," alisema.

"Baba Nasrin, hata hujaliendesha," alisema Zainabo.

"Lina viti saba."

"Walimu ni wanne. Na wewe wa tano."

"Nimesema lina viti saba!"

Zainabo aliinuka. Alijifunika kanga kichwani, akavuka uchochoro, akarudi na Nélia.

Nélia ni fundi wa umeme, mwanamke wa Nampula, amepanga nyumba ya jirani. Amejifunza magari haya na anayatengeneza. Alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Ah!" Sufo alicheka. "Sasa gari linanunuliwa na kamati."

"Wewe uza tu, mano, kaka yangu," alijibu Nélia. "Kamati inakunywa chai."

Hakuliangalia gari kwanza. Alituangalia sisi.

"Gari halinunuliwi kwa karatasi," alisema. "Linanunuliwa kwa safari zenu za kila siku. Semeni, mnakwenda wapi?"

"Nhica," alisema Nurdine. "Kila siku ya shule."

"Sokoni," alisema Zainabo. "Na hospitali, mama anapopimwa presha."

"Mimi shule, mvua ikinyesha," alisema mjukuu wangu Nasrin.

"Na Bibi je?"

"Mimi sina pa kwenda, mwanangu," nilisema.

Nélia alinitazama kidogo, kisha akaendelea.

"Nhica kwenda na kurudi haifiki kilomita mia. Weka na soko, bado haifiki. Hata hilo la mia tatu linatosha. Na kilomita za karatasi hupimwa kwenye barabara nzuri, bateria ikiwa mpya. Kwetu kuna mchanga, matope, joto na mizigo. Zote hizo zinakula umeme. Sasa tuangalie bateria."

Alitoa kifaa kidogo mfukoni, akakichomeka chini ya usukani wa gari jeupe. Namba ikatokea kwenye simu yake.

"Tisini na moja kwa mia. Nzima hii."

Akakichomeka kwenye gari la kijivu.

"Sitini na nane."

Sufo akatazama mawingu.

"Maana yake nini?" aliuliza Nurdine.

"Chukua pipa la maji. Chini yake limejaa mchanga. Ukilijaza mpaka juu, utasema limejaa. Lakini maji ni machache, kwa sababu mchanga umechukua nafasi. Bateria ikizeeka inakuwa hivyo. Zile mia nne na hamsini hazipo tena, mano."

Kisha akapiga magoti kwenye matope, na nguo zake za kazi, akapima kwa mkono kutoka chini mpaka kwenye tumbo la gari. Jeupe, shubiri moja kamili. La kijivu, shubiri kasoro vidole vinne.

"Bateria ya gari la umeme imelala hapa, tumboni, kama godoro," alisema. "Kisiki kikiigonga, hununui taa wala bampa. Umepoteza kitu cha bei kuliko vyote ndani ya gari."

"Mimi nataka la viti saba," alisema Nurdine. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sawa. Lakini usilipe leo. Kesho lijaribu. Barabara yako mwenyewe, mzigo wako mwenyewe. Walimu wote, na mabegi yao."

Jumamosi wakaenda. Mimi sikwenda. Barabara ile sijaipita tangu mwaka ule. Aliyenisimulia haya ni Zainabo, na Zainabo haongezi neno.

Gari la kijivu liliwachukua saba: Nurdine, Zainabo, Nélia na walimu wanne. Sufo alifuata nyuma na lile jeupe. Mwanzoni lilikwenda vizuri, halina kelele.

"Leo tunakwenda kama wenye harusi," alisema mwalimu Kátia, yule aliyevunjika mkono.

Wakafika kwenye bonde la mchanga. Malori yamechimba pale mifereji miwili mirefu, na katikati pamebaki tuta. Magurudumu yakaingia mferejini, tumbo likakaa juu ya tuta. Likakwaruza. Likasimama. Nurdine akakanyaga, magurudumu yakazunguka tu, mchanga ukaruka mpaka kwenye vioo.

"Teremkeni, tupunguze uzito," alisema Nélia.

Wakateremka wote. Kátia alivua viatu akavishika kwa mkono mzima. Gari halikutoka. Na ile namba ya umeme iliyoanza kwenye tisini na nane ilikuwa sabini na moja, na Nhica bado.

Sufo akaja na gari jeupe. Pembeni palikuwa na mifereji mingine kama hiyo; akaingia humo, akapita juu ya tuta lake bila kugusa, akasimama mbele. Akateremka. Akatoa kamba.

Nurdine alikuwa amebaki ndani, mikono kwenye usukani. Zainabo alitazama huku na huku. Aliuona mkorosho uliokatwa kichwa. Akajua ni wapi.

Sasa nikueleze, maana bila hili hutaelewa.

Siku ile ya kukimbilia mto Ruvuma tulikuwa watu saba kwenye gari la viti vitano: mimi, mume wangu Muhamudo, Nurdine, Zainabo, Nasrin akiwa mdogo, na majirani wawili. Gari likakwama kwenye bonde hilohilo. Milio ilikuwa inasikika nyuma. Muhamudo akafungua mlango.

"Mimi ni mzito," alisema. "Nikishuka litapanda. Tangulieni, nitawakuta mbele."

Akashuka. Akasukuma. Likapanda. Nurdine hakusimama, alijua akisimama litazama tena.

Mbele tulisubiri. Hakuja. Mpaka leo hatujamwona, hai wala kaburi. Na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuisema siku hiyo.

Basi pale kwenye mchanga Nurdine akasema, huku anatazama mbele:

"Nilijua likiwa na viti saba, hakuna atakayeteremka."

"Baba Nasrin," alisema Zainabo, "na leo tumeteremka wote."

Nélia hakuwa anajua habari yetu; Zainabo akamwambia palepale kwa maneno machache. Alichuchumaa karibu na mlango.

"Mano Nurdine, siku ile hayakuwa mambo ya viti," alisema polepole. "Ni mchanga. Na tumbo la gari kuwa chini. Viti kumi visingelipandisha."

Nurdine alishuka, akaanza kuchimba kwa mikono. Walichimba karibu saa nzima, kisha wakalivuta kwa kamba na lile jeupe.

Zainabo na Nélia wakarudi na Sufo kwa lile la kijivu, Nurdine na walimu wakamalizia safari na gari jeupe. Liliingia Nhica na kurudi Palma bila kukwama, na umeme ukabaki zaidi ya nusu. Likanunuliwa hilo.

Nélia alikuwa na swali moja kabla ya kuondoka kwa Sufo.

"Gurudumu la akiba liko wapi?"

"Mana Nélia, dada yangu, haya ya umeme hayaji nalo."

"Barabara ya Nhica haijui hilo. Lete."

Akaleta, akinung'unika. Na pampu ndogo ya upepo akaitoa.

Nurdine alitaka kulichaji kwa waya mrefu wa kuongezea, ule tunaopigia pasi. Nélia akauchomoa ukutani.

"Huu utachoma nyumba. Gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi." Akavuta waya mnene kutoka kwenye mita, wa gari peke yake, wenye swichi yake. Akaweka na waya unaoshuka ardhini, ili umeme ukivuja uende huko, usimpige mtu.

Jumatatu walimu walifika Nhica kabla ya kengele. Kazi ikabaki kwa Nurdine.

Lakini lilibaki jambo. Kila jioni Nurdine alilichaji mpaka mia, pua inaangalia barabara, likae hivyo. Hata Jumamosi na Jumapili, juani, limejaa. Nélia aliona siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya saba akaja.

"Kwa nini mia, mano?"

"Huwezi kujua siku."

Nélia hakucheka.

"Ni kweli. Lakini tangi la petroli ukilijaza likakaa mwezi, halijali. Bateria inajali. Ikishinda imejaa kabisa, tena kwenye joto, inazeeka haraka. Nafikiri lile la kijivu lilifugwa hivyo. Wewe acha kwenye themanini. Siku ya safari ndefu jaza mia, uondoke. Na usiiache ishuke chini ya ishirini, maana umeme wetu unakatika utakavyo. Ukitoka kwenye maji ya chumvi, osha chini kwa maji ya kisima."

Nurdine aligeuka kutazama barabara.

"Themanini inafika mtoni?"

"Inafika mtoni na kurudi. Ukitaka, inakwenda tena."

"Na pua?"

"Pua iache iangalie barabara. Pua haili umeme."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mwanangu akicheka tangu mvua ianze. Alicheka kidogo tu. Akaweka themanini.

Tangu tupate gari hilo, mvua zote zile walimu walikosa siku mbili tu, umeme ulipokatika muda mrefu. Watoto wa Nhica walifanya mtihani wao. Kátia alituletea karatasi ya mmoja wao tuione, imeandikwa vizuri, na alama ya kidole chenye matope pembeni.

Kila Jumapili, gari likiwa halina kazi, Nurdine huja mlangoni.

"Mama, leo nikupeleke wapi?"

Kila Jumapili mimi humjibu: "Sina pa kwenda, baba."

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imekatika, lakini mbingu nzito. Nurdine aliosha gari tumboni, akanawa mikono, akaja.

"Mama, leo nikupeleke wapi?"

Niliinuka, nikaenda nyuma ya mlango, nikafungua mfuko. Nikaondoa sabuni, nikaondoa sufuria, nikatoa kitabu cha Yasini kwenye nailoni yake. Zainabo aliacha kufagia. Ule mfuko tangu tumerudi hakuna aliyewahi kutoa kitu ndani yake.

"Mama?" alisema Nurdine.

"Lina ngapi hilo gari?"

"Themanini."

"Basi nipeleke kwenye ule mchanga, pale baba yako alipoteremka," nilimwambia. "Nataka kukaa chini pale nimsomee. Nimetaka hivyo miaka yote hii."