Bado, Oili ni Nzito

Kwetu Siaya baridi ni ya Julai, ile ya kufunga kifungo cha juu cha sweta na kulalamika. Baridi yenyewe niliijua Kinoo, ndani ya ghala lililokuwa la kuhifadhi nyama. Mwalimu Mbithi aliligeuza shule ya mafundi wanaokwenda migodi ya kaskazini, huko ambako theluji hufunika nyumba. Aliweka humo injini moja kubwa ya dizeli, akatufundisha kuiwasha kwenye barafu bila kuiua.

Mimi kazi nilikuwa nimepata. Kanisa lilikuwa limenifanyia maombi ya kuniaga, kina mama wakanipeleka soko la mitumba la Gikomba kunichagulia koti zito, na mama yangu alikuwa ametangazia kijiji kizima. Ulibaki mtihani wa kuwasha, kesho yake asubuhi.

Jua lilikuwa linazama Mbithi aliponipigia simu kutoka Upper Hill, alikofuata mambo ya viza yangu.

"Lornah, aki nisaidie. Enda uchomeke hita ya injini ndio ilale ikipata joto. Na uweke kigingi kwa mlango, unajua vile hiyo kitu hukwama."

Nikaenda. Kigingi nilikiweka kwa mkono wangu mwenyewe, hilo naweza kuapa mbele ya mchungaji. Nikachomeka hita. Taa yake nyekundu ikawaka.

Mlango ukajifunga.

Nilirukia kitasa cha ndani. Kimeganda. Nikasukuma kwa bega, nikapiga mateke, nikaita mpaka sauti ikakauka. Kuta zile ni nene, hata simu haishiki mtandao. Na mimi mjanja, nimeingia na sweta tu, koti la Gikomba nimelihifadhi nyumbani lisichafuke! Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Katika baridi ile mtu hafiki asubuhi.

Njia ilikuwa moja. Bomba la moshi la injini hutokea nje, upande wa geti. Injini ikinguruma, Ochola mlinzi angesikia. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Bado..."

Mnong'ono. Nyuma yangu.

Nikasikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Nikageuka polepole. Mwanamume alikuwa ameketi juu ya injini, amevaa shati la mikono mifupi, anajipepea kwa kofia. Jasho lilimtiririka shingoni.

Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi mweupe. Nikamtazama mdomo.

Hakutoa chochote.

"We... ni nani?"

"Makau. Nilisomea hapa." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Ukiwasha sasa utaiua. Oili bado ni nzito. Ngoja hita ifanye kazi."

"Nitakufa nikingoja!"

"Ukiiua, utakufa pia."

Nililitaja jina la Yesu. Akatikisa kichwa kwa adabu kama mtu aliyeko ibadani, akaendelea kujipepea. Nikajibana kwenye ubavu wa injini, pale hita ilipo, nikingoja. Vidole vikafa ganzi. Nikaanza kusikia usingizi, usingizi mtamu... na kila macho yakifumba, ananong'ona.

"Dada. Usilale. Angalia bomba la kupumulia."

Niliinuka kwa magoti. Bomba lile dogo hutoa presha ya ndani ya injini. Lilikuwa limezibwa na barafu. Ningewasha hivyo, presha ingepasua sili, ile mipira inayozuia oili, na oili yote ingemwagika. Nikaing'oa barafu kwa bisibisi, nalia.

"Sasa," akasema. "Kidogo kidogo. Upumzishe betri."

Nikazungusha. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikapumzisha. Nikazungusha tena...

Ikanguruma!

"Usiikimbize. Wacha ipate joto." Kisha akainama hadi sikioni mwangu, na baridi yake ilikuwa kali kuliko ya ghala. "Mahali unaenda, mimi niko huko. Mwambie mama yangu asiendelee kuongea na huyo."

"Huyo nani?"

Mlango ukafunguka. Ochola, na tochi yake.

"Lornah! Nani amekufungia? Kigingi nimekipata huku nje, kimetundikwa kwa msumari!"

Nikageuka. Juu ya injini hapakuwa na mtu. Chuma kilikuwa kimeshapata moto, lakini pale alipokalia palikuwa na barafu nene, na haikuyeyuka.

Ochola akampigia Mbithi, naye alifika mbio, akanifunika kwa jaketi lake. Nikamsimulia yote. Nilipotaja jina Makau alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Makau yuko kazini, huko huko migodini! Si huyo ndiye ameomba wewe ndiwe upelekwe? Kila Jumapili anaongea na mama yake. Hebu ngoja." Akapiga, akanipa simu.

"Niaje, Lornah!" Sauti changamfu, imejaa. "Huku ni poa tu. Nimekuwekea kitanda karibu na changu."

"Asante," nikasema. "Uko na nani hapo?"

Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma taratibu.

"Niko peke yangu, dada. Tangu theluji ianze, niko peke yangu."

Na chini ya mngurumo ule, mbali sana, nikasikia mnong'ono wa kukwaruza.

"Usije... Usije..."

Simu ikakatika. Mbithi alikuwa ananitazama, anatabasamu. Mtihani nimepita, akasema, kuwasha kama kule hajaona. Mfukoni alikuwa na pasipoti yangu, viza imegongwa.

"Makau amesema nini?"

Nikafikiria mama, na kijiji kilichokwisha kunichinjia kuku. Nikafikiria wale kina mama wa kanisa, watakaokuja na sare zao kunisindikiza uwanja wa ndege. Nitawaambia nini? Mtu aliyeagwa na kanisa zima hurudi vipi nyumbani?

"Amesema karibu," nikajibu.

Ndege ni Jumamosi.