Birika la Zubeida

Kila alfajiri Dahma alijitwika kiriba akaenda birikani. Nyumbani kwao palikuwa kituoni, katika njia ya mahujaji ya kutoka mji wa Kufa kwenda Makka. Pale hapakuwa na mto wala chemchemi. Palikuwa na birika moja kubwa la mawe, nalo lilijaa mvua iliponyesha.

Mwaka ule maji yalikuwa machache, tena mazito kama uji. Mbuzi walikunywa humo humo. Dahma akayachota hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya kunywa maji hayo binti yake, Suda, akaanza kuharisha. Macho yakadidimia, midomo ikakauka. Alikuwa bado ananyonya.

Dahma alimbeba mbio hadi kwa Mama Numair, mjane wa mwashi aliyelijenga birika lile.

"Unamnyonyesha?" aliuliza Mama Numair.

"Nimeacha. Kila akinyonya anaendesha."

"Ala! Anapoteza maji, nawe unamnyima? Mnyonyeshe mara kwa mara. Maji mengine chemsha kwanza, umpe kidogo kidogo. Haya, twende nikuonyeshe ugonjwa ulikotoka."

Walifika birikani. Pembeni mwa birika kubwa palikuwa na jingine dogo. Lilijaa tope mpaka juu, na miiba imeota.

"Hili dogo unajua ni la nini?"

"Si shimo tu?"

"Shimo! Mume wangu angekusikia! Maji ya mafuriko huingia humu kwanza. Hutulia, tope likakaa chini. Yaliyo safi ndiyo huvuka kwenda kule. Sasa limeziba, uchafu wote unapita. Na mbuzi wanamalizia."

"Nani alifikiria haya yote?"

Mama Numair alinyoosha mgongo. "Zubeida, mke wa khalifa. Alipita njia hii kwenda kuhiji, akaona watu wanavyoteseka kwa kiu. Angeweza kurudi Baghdad akakaa juu ya mito ya hariri. Yeye alitoa mali yake mwenyewe. Watu husimulia kwamba msimamizi alilalamikia gharama, akamjibu, 'Chimbeni, hata kila pigo la sururu likinigharimu dinari.'"

Dahma alilitazama lile tope. Akaona haya.

Jioni alimweleza mumewe, Mirdas. Mirdas akacheka. "Birika la mke wa khalifa, nizoe tope mimi? Wakubwa walete watumwa wao."

"Zubeida amekwisha kufa, Mirdas. Na anayeumwa ni mwanao."

Asubuhi Dahma alishuka shimoni na jembe. Mama Numair akafuata na kikapu. Wanawake wengine wanne wakaja. Tope lilinuka, miiba iliwachoma, lakini hawakuacha. Siku ya pili Mirdas alisimama ukingoni, akajikuna ndevu.

"Unashika hivyo jembe, mke wangu? Unalibembeleza?"

"Shuka ulishike wewe, bingwa!"

Akashuka. Wanaume wenzake wakaona aibu, wakashuka pia. Walipomaliza shimo, walizoa na tope lililokuwa sakafuni mwa birika kubwa. Kisha walijenga hodhi la mifugo mbali kidogo, na ukuta wa miiba kuwazuia mbuzi.

Suda naye alinyonya, akanywa maji yaliyochemshwa. Siku ya nne alilia kwa nguvu, akidai tende. Dahma akalia naye kwa furaha.

Mvua ilipokuja, mafuriko mekundu yaliingia birika dogo kwa kishindo. Kijiji kizima kilisimama kutazama. Maji yalitulia. Kisha yakavuka ukingo taratibu, meupe, mpaka birika kubwa likafurika. Mama Numair alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Msafara wa mahujaji ulipofika, mzee mmoja wa Kufa alikunywa, akafuta ndevu, akamwuliza Dahma:

"Mabirika mengi njiani ni tope tupu. Hili la nani, binti yangu?"

"Alilijenga Zubeida," alijibu Dahma, kichwa juu. "Tunalitunza sisi wanawake wa hapa."

"Na waume zao," akadakia Mirdas, jembe begani.

Dahma alimtazama, akacheka. "Haya, na waume zetu."