Magunia Matano Yenye Utepe

Jirani wa Mchwa anadai alimwona akiruka ukuta wa kituo cha mbegu, bastola mkono huu, bastola mkono ule.

Uongo mtupu.

Mchwa alipita mlangoni na ndoo ya kudekia. Nani humtazama mfanya usafi? Bastola moja tu, Glock, kiunoni chini ya aproni, redio ya Motorola ndani ya kilemba.

"Lori linaondoka saa nne," sauti ya Mkuu wake wa upelelezi ilikwaruza. "Magunia mia mbili. Matano ni mabaya. Yakitoka, wakulima wamekwisha."

"Mama yangu yumo kwenye orodha ya kugawiwa."

"Basi usizubae."

Ghalani, Daktari wa mbegu alikuwa akimtambia mteja wake, mgeni wa ng'ambo mwenye suti ya bei mbaya. Mchwa alideki miguuni pao. Hawakushusha hata sauti.

"Kila mche una amri ya kuchanua," Daktari alisema. "Kuna jeni zinazoifunga mdomo amri hiyo mpaka mche ukomae. Nzi anazo za aina hiyo, hata wewe unazo. Ndiyo maana mguu haukukuota kichwani."

"Na hizi mbegu?"

"Humo nimezivunja jeni hizo. Ngano itachanua ikiwa kimo cha kidole. Hakuna atakayevuna hata punje."

"Halafu waje kununua kwangu." Mgeni alicheka. "Wewe mama, hapa hujapangusa."

Mchwa alipangusa.

Wasomi. Shahada tatu, adabu sifuri.

Akayatupia macho magunia. Yote sare, isipokuwa matano: utepe mweupe, tarehe, herufi mbili za jina. Maabara ilimzoesha Daktari kuandika kila anachokigusa, naye kwa mazoea akaandika hata uhalifu wake.

Mwizi gani huweka sahihi?

Mchwa aliinamia ndoo. "Mkuu, nimeyapata. Yana jina la mwenyewe."

Mgeni alisikia. Mkono ukaingia kwenye koti.

Alichelewa. Ndoo ilimpiga usoni, na maji yake machafu. Glock ikamgeukia Daktari.

"Laleni chini. Hapo hapo nilipopangusa."

Askari wakaingia na pingu. Wapakizi wakapakia magunia mia moja tisini na tano. Matano yakabaki sakafuni.

Mchwa alivua aproni, akaitundika msumarini.

"Dada," Daktari aliita, shavu kwenye maji. "Wewe umenisikia nikieleza. Waambie basi, kosa ni kosa, lakini hakuna mwingine aliyewahi kuiweza kazi hii. Utawaambia, dada?"

Mchwa alikuwa ameshafika getini.