Bahasha Ndani ya Beseni

Ngumi ilimpata mchoraji juu ya jicho, palepale kwenye foleni ya posta. Aliyeirusha ni Kibegi, mlanguzi wa stempu asiyeachana na mkoba wake wa ngozi, na kosa la mchoraji lilikuwa kuwahi karatasi ya mwisho ya stempu za okidi. Muuguzi aliyekuja kutuma kifurushi, gauni lake la kijani limemkaa sawasawa, akamdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Akavua mtandio na kuukandamiza kwenye jeraha.

"Niache nikabandike," mchoraji alisema, damu inamchuruzika. "Zimetoka leo. Zisipogongwa mhuri leo, bahasha zangu hazina maana."

"Utabandika ukiwa maiti? Tulia."

Akatulia. Kazi aliyoipenda kwa moyo ilikuwa hiyo: kuchora okidi kwa rangi ya maji kwenye bahasha, kubandika stempu ya ua lilelile, na kuigongesha mhuri wa siku ya kwanza, tarehe isiyorudi tena. Ile nzuri kuliko zote, iliyodondokewa na tone la damu yake pembeni, alimpa muuguzi. Mchoraji akaanza kumwita Sista kama wagonjwa wanavyomwita, na mapenzi yakanoga, ya simu kila jioni na utani usioisha.

Shida ilikuwa lile tone. Sista hawezi kuona damu kwenye kitu akaiacha. Sare zake huzitakasa kwa maji baridi ya chumvi, basi na bahasha akaigusa kwa pamba iliyolowa maji hayo. Doa likatanuka. Akachanganyikiwa, akaizamisha yote kwenye beseni. Okidi ikayeyuka, stempu ikabanduka ikaelea. Alilia mpaka macho yakavimba, na hakumwambia mtu.

Mchoraji alipoomba kuiona, akampiga chenga: mara iko kwa mama, mara kaisahau kazini. Mwanamume akalalamika mbele ya wakusanyaji wenzake wa stempu, na Kibegi akapata pa kuchomeka kisu. Akamwambia, huku akicheka, kwamba Sista alishamuuzia yeye Kibegi bahasha ile kitambo.

Simu ya Sista ikalia; alikuwa mchoraji.

"Bahasha iko wapi?"

"Kipenzi, nitakueleza tukionana."

"Kumbe ni kweli," alisema, akakata.

Sista alipiga tena na tena bila kupokelewa. Wakati huo mchoraji alikuwa dukani kwa Kibegi, anavunja kabati la vioo kwa kiti. Kibegi, pande la mtu, akamburuta hadi mlangoni, akauweka mkono wa kulia wa mchoraji kwenye fremu na kuubamiza mlango wa chuma. Kisha akaubamiza tena.

Polisi wakaondoka na Kibegi. Mchoraji akaletwa chumba cha majeruhi, na aliyekuwa zamu ni nani kama si Sista. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya. Sista alikitazama, akainama karibu naye.

"Niliiosha," alisema. "Nilitaka kutoa damu yako. Mimi ndiye niliyeiua."

"Uliosha rangi ya maji?"

"Kwa chumvi."

Mchoraji akacheka, maumivu yakamkata kicheko, akaishia kulia. Alikiri kwamba alikuwa amemwamini Kibegi.

"Aliyekupasua uso ulimwamini," Sista alisema. "Mimi niliyekuzuia damu ukaniona mwizi. Mara nyingine uniulize, na ungoje nijibu."

"Nakuuliza sasa. Brashi huenda nisiishike tena. Utakubali nikuoe?"

Daktari wa zamu alikuwa ameshamchoma ganzi, ambayo haikushika sawasawa. Akashika kiwiko, akamwamuru Sista avute.

"Usisogee," Sista alisema, akavuta kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia, ukaingia mahali pake. Mchoraji alipiga yowe.

Sista alingoja yowe limwishe.

"Nimekubali," alisema, akaanza kumfunga plasta.